Kubadili mtazamo si kubadili imani: swali kutoka Moa

Wiki kadhaa baada ya Pasaka tulipokea ujumbe mrefu kutoka kwa dada mmoja anayeishi Moa, wilaya ya Mkinga, kule kaskazini mwa Tanga karibu na mpaka wa Kenya. Ametuomba tusimtaje jina. Ni mzaliwa wa bara, ameolewa, ana watoto watatu na duka dogo la mahitaji ya nyumbani. Moa ni kijiji cha wavuvi, na Waislamu ndio wengi. Wakristo ni wachache, na wengi wao ni watu waliohamia kwa kazi au biashara kama yeye.

Siku ya Pasaka mumewe alichinja mbuzi, wakapika pilau. Dada huyu akapakua sahani ikajaa, akaifunika kwa kawa, akaipeleka kwa jirani yake, bibi mmoja mtu mzima ambaye ndiye aliyemhangaikia sana alipojifungua mtoto wa mwisho. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamwombea heri. Jioni mtoto akarudi kutoka kucheza, akasema: "Mama, pilau yetu wamepewa kuku."

Tangu siku ile hawana maneno. Bibi akisalimiwa anaitika, na akisalimia yeye kwanza, dada hujibu kwa mdomo tu kisha anaingia ndani. Watoto wamekatazwa kwenda kucheza upande ule. Kisima chao ni kimoja, njia ya kwenda pwani ni moja, na ukuta unaowatenganisha ni wa makuti.

Katika kipindi chetu cha asubuhi tulikuwa tumesema kwamba Mkristo anapaswa kuwa tayari kubadili mtazamo wake. Dada akasikia, akaandika: "Shikamooni watumishi. Mimi nimekosa nini? Nimetoa kwa upendo, chakula changu kimemwagwa. Sasa mnaniambia nibadilike mimi. Nibadili mtazamo mpaka nifike wapi? Mpaka niikane imani ili watu wale chakula changu?"

Hewani tulimjibu kwa dakika mbili, na hazikutosha. Swali lake ni la watu wengi wanaotusikiliza kuanzia Mkinga hadi Pangani, hata wale ambao hawajawahi kukosana na jirani kwa ajili ya sahani. Kwa hiyo tumeona tuliandike jibu kwa utulivu, usome kwenye simu kwa nafasi yako.

Tuanze na neno lenyewe. Mtazamo unatokana na kutazama, na hakuna anayetazama bila kusimama mahali. Ukisimama barazani kwako unauona mlango wa jirani, lakini huoni kilichomo nyuma ya mlango. Kubadili mtazamo ni kunyanyua miguu na kwenda kusimama mahali pengine uone kitu kilekile. Kitu hakijabadilika. Imani yako pia haijabaki nyuma barazani, umekwenda nayo.

Wakristo tuna neno kongwe zaidi kwa jambo hili, nalo ni toba. Yohana Mbatizaji na Bwana Yesu wote walianza kuhubiri kwa kuwaambia watu watubu. Sisi tumezoea kufikiri kwamba toba ni kulia kwa ajili ya dhambi. Kulia kunaweza kuwemo, lakini neno la Kiyunani lililotumiwa katika Agano Jipya, metanoia, maana yake ni kugeuka kwa nia, kuanza kufikiri upya. Na neno letu la Kiswahili, toba, limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni kurudi. Ni neno lilelile analolitumia bibi wa Moa katika dua zake. Hilo lisikushtue. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa Kadhi wa Mombasa. Maandiko yetu ya Kiswahili yalianza kwa watu wawili wa dini mbili kuketi meza moja, na hakuna hata mmoja aliyebadili dini kwa ajili ya kuketi pale.

Petro juu ya paa

Kama kuna mtu katika Biblia anayeweza kukaa na dada yetu wakaelewana, ni mtume Petro. Soma Matendo ya Mitume sura ya 10, yote, usiruke.

Petro alikuwa Yafa, mji wa bandari, amefikia kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, nyumba iliyokuwa kando ya bahari. Saa sita mchana alipanda juu ya paa kusali. (Na hiyo saa sita ni hii yetu. Watu wa nyakati zile walihesabu saa kuanzia mapambazuko kama sisi.) Njaa ikamshika. Chakula kikiwa kinaandaliwa, akaona maono: kitu kama shuka kubwa kinashushwa kwa pembe nne, na ndani yake wanyama wa kila namna, wakiwemo wale ambao Sheria ya Musa iliwakataza Wayahudi kula. Sauti ikamwambia achinje ale. Petro akakataa. Tangu kuzaliwa kwake hajapata kula kitu najisi. Jambo hilo likatokea mara tatu, na shuka ikachukuliwa juu.

Angalia kwamba Petro hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na dharau. Alikuwa amelelewa vizuri na wazazi wacha Mungu, na kukataa kwake kulikuwa ni utii. Bibi wa Moa, sahani ya pilau ilipowekwa mikononi mwake, alikuwa mahali palepale alipokuwa Petro juu ya paa: chakula kiko mbele, na malezi yote ya maisha yake yanamwambia asile.

Petro akiwa bado anashangaa maana ya maono, watu watatu wakabisha hodi. Wametumwa na Kornelio, mtu wa Kaisaria, ambaye Biblia yetu ya Kiswahili inamwita akida wa kikosi cha askari. Wasikilizaji wa Tanga mnalijua neno hilo kuliko mtu wa Dodoma. Akida ndiye aliyekuwa mkono wa serikali ya Wajerumani vijijini, mtu wa kodi na kazi za kulazimishwa. Kwa Myahudi, Kornelio alikuwa zaidi ya mgeni wa kabila jingine. Alikuwa sehemu ya jeshi lililoitawala nchi yake. Na Petro anaambiwa aende nyumbani kwake.

Alikwenda. Kesho yake wakafunga safari, na siku ya pili yake wakaingia Kaisaria. Alipofika akaeleza amejifunza nini, na hapa ndipo wengi tunaposoma harakaharaka. Petro hakusema kwamba Mungu amemwonyesha aina mpya ya nyama. Alisema Mungu amemwonyesha asimwite mtu yeyote najisi. Maono yalikuwa ya chakula, somo lilikuwa la watu. Hakumwacha Yesu ili aingie kwa Kornelio. Aliingia ili amhubiri Yesu huyohuyo.

Tunaongeza jambo moja ambalo mahubiri mengi huliacha. Petro alirudi nyuma. Paulo anaeleza katika Wagalatia sura ya 2 kwamba huko Antiokia Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, lakini walipokuja wageni kutoka kwa Yakobo akaanza kujitenga, akiwaogopa. Paulo akamkemea mbele ya watu. Mtu aliyeona shuka ikishuka mara tatu alikuja kuogopa macho ya wenzake mezani. Kwa hiyo dada yetu, ukijiona umeelewa leo na kesho umekasirika tena, hujatoka katika orodha ya mitume.

Ramani iliyochorwa Tanga

Sasa tutoke Yafa tuje kwetu. Tanga ina kisa chake kuhusu mtazamo, na kinawahusu wamishonari.

Krapf na wenzake wawili, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, walikuwa na kituo Rabai, nje kidogo ya Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann, akiwa njiani kwenda Uchagga, aliona weupe juu ya mlima. Kiongozi wake wa msafara, Bwana Kheri, alipoulizwa weupe ule ni nini, alijibu kwamba ni baridi tu. Rebmann, mtoto wa nchi ya majira ya baridi, akatambua kwamba ile ni theluji. Akaandika habari zake zikafika Ulaya. Huko London alikuwepo mtaalamu wa jiografia ya Afrika, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Akasema haiwezekani, theluji haikai karibu na mstari wa ikweta, mmishonari ameota. Alishikilia hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1862 msafiri Mjerumani, Karl Klaus von der Decken, alipanda sehemu ya Kilimanjaro na theluji ikamwangukia kichwani. Hata baada ya hapo Cooley hakutaka kukubali.

Mpaka hapo wamishonari ndio wenye macho na bwana wa London ndiye kipofu. Lakini ngoja.

Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa. Hakuwa na njia ya kwenda mbali, basi akafanya jambo la busara: akawauliza wanaokwenda. Tanga ilikuwa bandari ya misafara, na alizungumza na wafanyabiashara waliokwisha kuingia bara kufuata pembe za ndovu. Akakusanya pia habari za njia nyingine za pwani. Waliopita njia ya Kilwa walisema mwisho wake kuna maji makubwa. Walioanzia mrima ng'ambo ya Unguja wakafika Ujiji walisema mwisho wake kuna maji makubwa. Habari za njia za kaskazini nazo zilisema maji makubwa.

Erhardt na Rebmann wakazitia habari zote katika ramani moja. Kwa kuwa kila njia iliishia kwenye maji, wakachora ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, refu lenye mgongo uliopinda, mfano wa konokono asiye na nyumba. Ramani ikachapishwa Ujerumani mwaka 1855, na muda mfupi baadaye wanajiografia wa London wakawa wanaijadili, wengine wakiicheka kwa umbo lake.

Leo mtoto wa shule ya msingi anajua kosa lilikuwa wapi. Waliotoka Kilwa walifika Nyasa. Waliokwenda Ujiji walifika Tanganyika. Habari za kaskazini zilikuwa za Nyanza, hili tunaloliita Ziwa Victoria. Maziwa matatu yamechorwa kama moja.

Fikiri: ni nani aliyesema uongo hapa? Hakuna. Kila mfanyabiashara alisema kweli ya njia yake. Erhardt naye aliandika kwa uaminifu alichoambiwa. Kweli tatu zikakusanywa na mtu asiyeweza kutoka alipo, zikatoa ramani isiyo ya kweli.

Na bado ramani hiyo ilikuwa na faida. Ilikuwa moja ya sababu zilizowafanya Waingereza wamtume Richard Burton na John Hanning Speke. Mwanzoni mwa mwaka 1857 walipita Tanga na Pangani, wakapanda hadi Vuga kwa mfalme Kimweri wa Washambaa. Baadaye wakaingia bara. Februari 1858 walifika Ujiji, na tarehe 3 Agosti mwaka huohuo Speke peke yake akaiona Nyanza kutoka kusini. Septemba 1859 David Livingstone akafika Nyasa. Konokono akakatika vipande vitatu. Haikuwezekana kumkata kutoka barazani Tanga. Ilibidi miguu ya watu iende.

Injili ya Marko, sura ya 8, ina kisa cha kipofu wa Bethsaida. Bwana Yesu alimgusa mara ya kwanza akamwuliza kama anaona kitu. Akasema anaona watu, lakini kama miti inayotembea. Akamgusa tena ndipo akaona sawasawa. Tukiisoma ramani ya Erhardt tunamkumbuka mtu yule. Kuona watu kama miti ni hatua, na mtu asionewe aibu kwa kuwa hapo. Hatari ni kuishia hapo na kuanza kuwapangia watu mashamba kana kwamba kweli ni miti.

Dada yetu wa Moa anayo ramani ya jirani yake. Ameichora kwa habari za kweli: pilau ilipelekwa, pilau ilipewa kuku. Kilichobaki ni kwamba hajavuka ukuta wa makuti kwenda kuangalia kama hilo ni ziwa moja au ni matatu.

Wavuvi wa Moa hawahitaji kufundishwa na redio habari hii. Mvuvi anayetafuta mwamba wenye samaki haridhiki na alama moja ya nchi kavu. Mnazi mrefu peke yake unaweza kuuona ukiwa popote katika mstari mmoja mrefu kutoka pwani hadi bahari kuu. Anatafuta alama ya pili upande mwingine, kilima au paa la jengo, na pale mistari miwili inapokutana ndipo anapotia nanga.

Habari ya nyama

Turudi kwenye sahani. Tulimpigia simu mzee mmoja wa Tanga mjini, Mwislamu, tunayemheshimu, tukamsimulia bila kutaja kijiji. Alicheka kidogo kisha akauliza swali moja: "Mbuzi alichinjwa na nani?"

Hilo ndilo jambo lenyewe. Mumewe ndiye aliyechinja, na Mwislamu wa pwani aliyelelewa kama bibi yule hali nyama ambayo haikuchinjwa kwa taratibu za dini yake. Mzee akaendelea: "Sasa mlitaka amrudishie mlangoni? Kwetu kukataa sahani ya jirani mkononi mwake ni kumvunjia heshima. Amepokea kwa mikono miwili kumstahi mwenzake. Kula hawezi. Na chakula cha Mungu hakitupwi jalalani, kinapewa kiumbe." Ndiyo hao kuku.

Tulinyamaza kidogo kwenye simu. Sisi wenyewe tulikuwa tumesoma ujumbe wa dada mara tatu, na hatukuwa tumefikiri kwamba kuwapa kuku kunaweza kuwa adabu.

Wapo watakaosema: sawa, lakini Petro aliambiwa vyote ni safi, kwa nini Mkristo ajisumbue na taratibu za kuchinja za wengine? Wapo pia wanaosema kinyume, kwamba Mkristo asile nyama iliyochinjwa na Mwislamu. Si maneno ya barazani tu. Februari 2013 ugomvi wa nani achinje uliripuka Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji mmoja aliuawa. Tunalitaja jambo hili kwa uzito. Nchi hii imekwisha kumwaga damu kwa swali ambalo mtume Paulo alilijibu karibu miaka 2000 iliyopita.

Wakristo wa Korintho waligombana juu ya nyama iliyouzwa sokoni, ambayo sehemu yake ilikuwa imetolewa kwanza kwenye mahekalu ya miungu. Paulo anaeleza katika 1 Wakorintho sura ya 8 na ya 10, na tena kwa namna yake katika Warumi 14. Anaanza kwa kuwapa haki wale wenye uhuru: chakula hakitusogezi kwa Mungu, kula ni sawa. Halafu anageuka ghafla. Kama chakula changu kinamkwaza ndugu yangu, anasema, basi mimi nitaiacha nyama kabisa. Na mtu akialikwa kwa asiyeamini, ale anachowekewa bila kuuliza maswali, lakini akiambiwa nyama ile ilitolewa sadaka, aiache, kwa ajili ya dhamiri ya yule mwingine.

Ni kweli, ndugu anayezungumziwa pale ni Mkristo mwenye dhamiri dhaifu, na wachambuzi wana haki ya kutukumbusha hilo. Lakini katika sura ya 9, katikati ya mjadala huohuo, Paulo anasema kwa Wayahudi alikuwa kama Myahudi, na kwa wasio na Sheria kama asiye na Sheria. Kwa maoni yetu hiyo inafika hadi Moa. Uhuru ni wako, hakuna anayekunyang'anya. Ila Paulo anakutaka uiangalie sahani kutoka upande wa anayeipokea.

Na wazee wetu wa Tanzania walikwisha kulitatua hili bila semina. Katika vijiji na mitaa mingi, Mkristo mwenye harusi au msiba humwita jirani Mwislamu achinje, na wote wanakula sufuria moja. Hajawa Mwislamu kwa hilo. Anataka tu majirani wale. Ukitaka mumeo achinje mwenyewe nyumbani kwako kwa ajili ya watu wa nyumbani mwako, ni haki yenu pia. Lakini sahani itakayotoka nje ya mlango ifikiriwe kabla mbuzi hajafungwa kamba.

Kuna mpaka. Tusipousema tutakuwa tumewadanganya. Kubadili mtazamo hakumaanishi kila kitu kina pande mbili zilizo sawa. Anayempiga mkewe akikwambia umwelewe kutoka upande wake, mwambie wewe unakwenda kusimama upande wa yule anayepigwa. Ndivyo Biblia inavyotusogeza mara nyingi, kuelekea kwa aliye chini. Na hata waliookoka huchelewa. Mwingereza John Newton, ambaye nyimbo zake za dini zinaimbwa makanisani mpaka leo, alimgeukia Mungu mwaka 1748 katika dhoruba baharini. Lakini baada ya hapo alikuwa nahodha wa meli za watumwa hadi mwaka 1754. Alisali ghorofani, na chini ya miguu yake watu wamefungwa minyororo. Mwaka 1788 ndipo alipotoa kijitabu cha kuipinga biashara ile na kukiri aibu yake. Miaka 40 ilipita kati ya kumwona Mungu na kuwaona wale waliokuwa chini ya sakafu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na leo mahali pale, Mkunazini, kuna kanisa kuu la Anglikana. Wanaokwenda kulitembelea huonyeshwa vyumba vya chini, vilivyo na dari fupi, na kuambiwa habari za watumwa. Ukiinama kuingia humo, ndipo unapoanza kuelewa ni wapi Newton alipaswa kwenda kusimama.

Tulichomwandikia dada

Tulimwandikia kwanza kwamba maumivu yake ni ya haki. Aliyetoa kwa moyo akaona chakula chake kinadonolewa na kuku, lazima aumie, na Mungu hamkasirikii kwa hilo. Kisha tukamweleza maneno ya mzee wa Tanga. Hatukumwambia kwamba bibi yuko sahihi na yeye amekosa. Wala hatuandiki makala haya kumfundisha bibi, maana hakutuuliza.

Tukampa wazo moja dogo. Moa ni pwani, na samaki hachinjwi. Hata nyama ikiwa shida, hakuna mwiko kwa changu aliyevuliwa asubuhi. Na kama bibi ana wasiwasi na sufuria, maana wengine huogopa kwamba imewahi kupikiwa nguruwe, basi asipeleke chakula kilichopikwa. Apeleke samaki mbichi na nazi, apige hodi, aombe wapike pamoja kwenye jiko la bibi. Yohana anasimulia katika sura ya 21 kwamba Bwana Yesu aliyefufuka, alipotaka kurudiana na Petro aliyemkana, alimwandalia samaki juu ya makaa ufukweni, wakala kwanza, mazungumzo yakafuata.

Majuma mawili hatukusikia kitu. Kisha ukaja ujumbe mfupi. Alikuwa amekwenda siku ya Jumamosi na changu wanne. Bibi alimkaribisha, akamtandikia mkeka, akamwita mjukuu akune nazi. Wamepika, wamekula, watoto nao wakala sinia moja. Habari ya pilau haikutajwa na yeyote, na dada anasema bado inamkaa kooni, hajui ataitaja lini.

Ila wakati anaaga, bibi alimshika mkono mlangoni akamwuliza: "Mwanangu, nilikukosea nini miezi yote hii hata ukaacha kunisalimia vizuri?"

Dada anatuuliza amjibu nini. Mpaka tunapoandika haya hatujamjibu. Wewe unayesoma ukiwa na neno la kumsaidia, tutumie kwa namba ile ile ya kipindi, tutalisoma hewani.